Moto wa Ngomeni

Watoto wa hapa Kiloleli hutuuliza: hesabu zamfaa nini mtu alimaye pamba? Twawajibu kwa habari hii.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilichukua chombo cha kupima miali ya eksirei itokayo kwenye nyota, nacho kikaitwa Uhuru.

Ni nini kilichoiinua? Ni gesi ya moto iliyotupwa nyuma kwa bomba lenye kiuno chembamba, namna aliyoitumia Mswidi Gustaf de Laval katika mitambo ya mvuke, karne ya 19. Maji yatokapo mahali pembamba na kuingia mahali papana hupunguza mwendo. Gesi sivyo: ikiisha kufikia mwendo wa sauti pale kiunoni, hutanuka katika upana, ikazidi mbio.

Basi mbio hizo hujulikanaje kabla ya kuwasha moto? Bomba hugawanywa vipande vidogo kwa hesabu. Katika kila kipande hutafutwa mwendo, msukumo na joto. Jibu la kipande kimoja huwa swali la jirani yake, hata yote yapatane. Siku hizi kompyuta hurudia kazi hiyo mara maelfu.

Roketi ile iliundwa Marekani, ikarushwa na Waitalia. Afrika ya Mashariki ilitoa bahari na jina. Je, hesabu tuwaachie wengine hata lini?