Einstein Amefaulu kwa Sharti Gani? Mfungamano wa Vigezo katika Kupima Nadharia Mbadala za Uvutano

Ikisiri

Data za kosmolojia zinatumiwa kupima iwapo nadharia ya Einstein ya uvutano inasimama katika umbali wa mamilioni ya miaka ya nuru. Makala haya yanadai kwamba hukumu nyingi zinazotolewa katika kazi hiyo zina masharti yasiyotajwa, kwa kuwa vigezo vya uvutano hufungamana na vigezo vingine kiasi kwamba data hazivitenganishi. Kwa kutumia modeli ya f(R) na tungamo la nyutrino kama mfano mkuu, makala yanaonyesha kwamba wingi wa data za aina moja hauondoi tatizo. Linaondolewa na vipimo vinavyogusa fizikia tofauti, pamoja na desturi ya kutangaza wazi kila kigezo kilichofungwa.

1. Utangulizi

Mwaka 1998 makundi mawili ya wanaastronomia yaliyokuwa yakipima supanova za mbali yaligundua kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka. Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2011 kwa ugunduzi huo, lakini chanzo cha kasi hiyo bado kinatafutwa. Majibu ni ya aina mbili. La kwanza linasema anga limejaa nishati giza, na sura yake iliyo rahisi kuliko zote ni konstanti ya kosmolojia. La pili linasema hakuna kitu kipya kilichoongezwa; sheria yenyewe ya uvutano hubadilika katika umbali mkubwa.

Jibu la pili sasa linapimwa kwa vifaa ambavyo kizazi kilichopita hakikuwa navyo. Chombo cha DESI, kilichofungwa kwenye darubini ya Mayall huko Kitt Peak, Arizona, kina nyuzi 5,000 zinazopokea nuru ya galaksi kwa wakati mmoja. Darubini ya Euclid ilirushwa angani tarehe 1 Julai 2023. Matokeo ya miradi ya namna hii hutangazwa mara nyingi kwa kauli moja: data zinakubaliana na Einstein. Ninadai kwamba kauli hiyo haijakamilika mpaka mtafiti aseme ni vigezo vipi alivifunga, alivifunga katika thamani gani, na jibu lingekuwaje kama angeviacha huru. Bila hayo msomaji hana njia ya kujua kama kilichopimwa ni Einstein au ni dhana za mtafiti.

2. Vigezo vinavyofungamana

Mtu ananunua kilo mbili za mchele na kilo moja ya maharage kwa jumla ya shilingi 9,000. Bei ya kila kimoja haijulikani. Kinachojulikana ni jumla. Kesho akinunua kilo nne za mchele na mbili za maharage kwa shilingi 18,000, hajajifunza lolote. Akinunua kilo moja ya mchele na tatu za maharage, bei zote mbili zinapatikana. Mfungamano wa vigezo ndio huo. Kipimo hutoa mchanganyiko, na vipimo vingi vyenye uwiano uleule havitenganishi kitu. Kwenye grafu, eneo linalokubaliwa na data huwa duaradufu ndefu na nyembamba. Data zaidi za aina ileile huipunguza unene. Urefu wake hupungua kwa shida, na mfungamano ukiwa kamili haupungui kabisa.

Katika kosmolojia hali hii huanzia kwenye vipimo vya msingi kabisa. Jinsi galaksi zilivyokusanyika hutegemea ukubwa wa mawimbi ya maada, unaoandikwa σ8, ukizidishwa kwa upendeleo wa galaksi, yaani kiwango cha galaksi kupenda kuzaliwa mahali penye maada nyingi. Mwendo wa galaksi hutoa zao la σ8 na kasi ya ukuaji wa miundo, f. Kupinda kwa nuru hutoa zao la σ8, msongamano wa maada Ωm, na kigezo Σ kinachoeleza jinsi uvutano unavyoikunja nuru. Hakuna kipimo hata kimoja kati ya hivyo kinachotoa kigezo cha uvutano kikiwa peke yake.

Tazama kasi ya ukuaji. Katika nadharia ya Einstein, f inakaribia Ωm ikipandishwa kwa kipeo cha 0.55. Katika modeli ya DGP, inayoruhusu uvutano kuvujia katika dimensheni ya tano, kipeo hicho ni karibu 0.68. Kwa Ωm ya 0.30, Einstein anatoa f ya 0.52 na DGP inatoa 0.44. Tofauti hiyo inaonekana kubwa, lakini 0.44 hiyohiyo hupatikana ndani ya nadharia ya Einstein ikiwa Ωm ni karibu 0.23. Anayepima f bila kuijua Ωm kutoka chanzo kingine hajapima uvutano.

Baadhi ya mafundo haya hufunguka kwa ustadi. Mwaka 2007 Pengjie Zhang na wenzake walipendekeza kipimo kinachoitwa E_G, ambacho hugawanya athari ya galaksi katika kupinda nuru kwa athari ya galaksi hizohizo katika mwendo. Upendeleo wa galaksi uko juu na chini ya mgawanyo, na σ8 vilevile, kwa hiyo vyote viwili hufutana. Mwaka 2010 Reinabelle Reyes na wenzake walikipima kwa galaksi zaidi ya 70,000 za mradi wa SDSS, wakapata 0.39 na kosa la 0.06, karibu kabisa na 0.4 inayotabiriwa na Einstein. Hapa mchanganyiko ulichaguliwa kwa kuangalia kwanza ni nini kinachofungamana na nini. Hata hivyo, utabiri wa 0.4 wenyewe hutegemea Ωm. Fundo limepungua, ila halijaisha.

3. Nyutrino na f(R): athari mbili zinazofutana

Mfungamano mgumu zaidi ni ule ambao fizikia mbili tofauti huacha alama moja. Modeli ya f(R) iliyopendekezwa na Wayne Hu na Ignacy Sawicki mwaka 2007 huongeza nguvu ya tano, ambayo inaweza kuukuza uvutano hadi theluthi moja zaidi. Mahali penye msongamano mkubwa, kama ndani ya Mfumo wa Jua, nguvu hiyo hujificha kwa utaratibu wa kinyonga ulioelezwa na Justin Khoury na Amanda Weltman mwaka 2004. Mahali penye maada haba hujitokeza, na miundo ya ulimwengu hukua upesi kuliko Einstein anavyotabiri. Ukubwa wa badiliko hupimwa kwa kigezo kimoja, fR0.

Nyutrino hufanya kinyume. Kwa kuwa ni nyepesi mno, husafiri kwa kasi kubwa na hazikubali kunaswa na uvutano wa miundo midogo. Maada iliyomo ndani ya nyutrino haichangii ukuaji wa miundo hiyo, nao hudumaa. Hesabu yake ni rahisi. Jumla ya tungamo la aina tatu za nyutrino ikiwa elektronivolti 0.4, nyutrino huwa karibu asilimia 3 ya maada yote, na nguvu ya mawimbi madogo hushuka kwa takriban mara nane ya sehemu hiyo, yaani karibu asilimia 24.

Weka vyote viwili pamoja. Mwaka 2014 Marco Baldi na wenzake walichapisha maigizo ya kompyuta yenye fR0 ya ukubwa wa 10⁻⁴ na nyutrino za elektronivolti 0.4. Ulimwengu huo una uvutano usio wa Einstein na nyutrino nzito. Lakini mgawanyo wa maada yake leo ulitofautiana na ule wa modeli ya kawaida kwa chini ya asilimia 10. Kila athari ikiwa peke yake ni kubwa na inaonekana. Zikikutana zinafutana, na mtafiti anayetazama mgawanyo wa maada pekee anaweza kutangaza kwa uaminifu kabisa kwamba hakuna kilichobadilika.

Kuna njia za kuzitenganisha, na zote hutumia ukweli kwamba fizikia hizi mbili zinafanana katika alama moja tu. Nguvu ya tano huchelewa kuamka, wakati nyutrino zimekuwa zikidumaza miundo kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mizani iliyolingana leo hailingani katika ulimwengu wa zamani. Nguvu ya tano huongeza pia kasi ya galaksi ndani ya kundi lao bila kugusa kupinda kwa nuru, hivyo tungamo linalopimwa kwa mwendo hutofautiana na linalopimwa kwa lenzi. Nyutrino hazina uwezo huo. Njia ya tatu inatoka nje kabisa ya uwanja huu. Mwaka 2013 Bhuvnesh Jain, Vinu Vikram na Jeremy Sakstein walilinganisha umbali wa galaksi jirani uliopimwa kwa nyota za aina mbalimbali, zikiwemo Cepheid, wakabana fR0 hadi karibu 5 × 10⁻⁷. Tabia ya nyota haijali nyutrino zina uzito gani, na ndiyo maana kipimo hicho kina thamani. Lakini kinazihusu nadharia zenye utaratibu wa kinyonga. Zile zinazojificha kwa njia nyingine zinahitaji ushahidi wao.

4. Hatari ya hoja inayojizunguka

Mtu anaweza kusema kwamba suala la nyutrino limekwisha. Data za kwanza za DESI zikiunganishwa na za setilaiti ya Planck ziliweka jumla ya tungamo chini ya elektronivolti 0.072, na data za mwaka 2025 zikashusha kikomo hadi 0.064. Nyutrino za 0.4 zingekuwa zimetupwa zamani.

Hapo ndipo uangalifu unapohitajika. Vikomo hivyo vimepatikana kwa kuchukulia kwamba uvutano ni wa Einstein na nishati giza haibadiliki. Kuvitumia kama ushahidi huru wa kumtetea Einstein ni kulichukua hitimisho na kulifanya dhana. Udhaifu wake unaonekana katika data zilezile: nishati giza ikiruhusiwa kubadilika, kikomo cha 0.064 hupanda hadi karibu 0.16. Maabara haitegemei kosmolojia, lakini nayo bado haijafika huko. Jaribio la KATRIN nchini Ujerumani liliripoti mwaka 2025 kikomo cha elektronivolti 0.45 kwa tungamo la nyutrino ya elektroni, ambacho kwa jumla ya aina tatu bado kinaacha nafasi pana. Kikomo legevu kisicho na sharti kina kazi ambayo kikomo kikali chenye sharti hakiwezi kuifanya.

Kisa cha Planck kinafundisha jambo hilohilo kwa upande wa pili. Katika data za 2018, ulainishaji wa vilele vya mnururisho wa mikrowevu wa mwanzo wa ulimwengu, unaotokana na kupinda kwa nuru, ulionekana kupita kiasi. Kigezo A_L, kinachopima ulainishaji huo na kinachopaswa kuwa 1, kilitoka 1.18 na kosa la 0.065. Kwa kuwa Σ huongeza ulainishaji huohuo, data hizo zilionekana pia kupendelea uvutano tofauti na wa Einstein. Data ziliposafishwa upya na kuchambuliwa kwa mbinu mpya, A_L ilirudi 1.039 na kosa la 0.052, na upendeleo huo ukapungua nayo. Nadharia mpya ilikuwa imebeba kasoro ya kipimo.

5. Mfungamano wa kimsingi na sekunde 1.7

Martin Kunz alionyesha mwaka 2009 kwamba uvutano peke yake unapima jumla ya nishati na tungamo la sehemu yote iliyo giza. Mgawanyo kati ya maada giza na nishati giza ni chaguo letu. Kadhalika, badiliko lolote la sheria ya uvutano linaweza kuandikwa kama kimiminika kigeni ndani ya mlinganyo wa Einstein. Wapo wanaohitimisha kwamba kutofautisha majibu yale mawili ya utangulizi ni kazi bure.

Sikubaliani nao, na sababu yangu ni tukio la tarehe 17 Agosti 2017. Nyota mbili za nyutroni ziligongana katika galaksi ya NGC 4993, umbali wa takriban miaka milioni 130 ya nuru. Mawimbi ya uvutano yalifika, na miali ya gama ikafuata sekunde 1.7 baadaye. Miaka milioni 130 ni takriban sekunde 4 × 10¹⁵. Kwa hiyo mawimbi na nuru vilisafiri kwa kasi moja kwa usahihi wa kiasi cha sehemu moja katika 10¹⁵. Nadharia nyingi zilizokuwa zikielezea kutanuka kwa ulimwengu vizuri, zikiwemo aina kadhaa za Galileon, zilihitaji kasi hizo zitofautiane, zikaondolewa kwa kipimo kimoja. Data za galaksi zisingefanya hivyo hata zikirundikwa kwa miaka. Modeli za f(R) zilinusurika, maana ndani yake mawimbi husafiri kwa kasi ya nuru. Fundo hufunguka pale kipimo kinapogusa kitu ambacho nadharia haiwezi kukirekebisha kwa kigezo kingine.

6. Hitimisho

Zinafuata hatua tatu za kiutendaji. Kwanza, kila matokeo yanayomhukumu Einstein yaambatane na mwelekeo wa duaradufu yake: ni vigezo gani vinafungamana na kigezo cha uvutano, na kwa kiasi gani. Pili, tungamo la nyutrino, tabia ya nishati giza na athari za gesi inayotupwa na mashimo meusi makubwa, ambazo nazo hubadilisha mgawanyo wa maada, viachwe huru pamoja na uvutano, hata kama makosa yatakua. Vigezo vingi visivyobanwa vinapokuwa huru, jibu la kawaida la mbinu za Bayes linaweza kusogezwa na makisio ya awali. Kwa hiyo wasifu wa ulinganifu, unaotafuta jibu bora kwa kila thamani ya kigezo, uchapishwe kando yake. Tatu, vipimo vipya vipewe kipaumbele kwa jinsi mwelekeo wake unavyokatana na ule wa vipimo vilivyopo, kabla ya kuhesabu kupungua kwa makosa.

Gharama ya hatua hizi ni matangazo machache ya kishindo na makosa mapana kwenye majedwali. Ni gharama inayostahili kulipwa. Kauli kwamba Einstein anakubaliana na data nyutrino zikiwa huru, nishati giza ikiwa huru, na gesi ikiwa huru, ina uzito ambao kauli iliyopatikana kwa kuvifunga vyote haiwezi kuufikia, hata kama tarakimu zake ni kali mara kumi.