Jicho la Fundi na Hati ya Ardhi: Historia ya Kukagua Nyumba Kongwe Kaskazini mwa Pemba

Ukaguzi wa jengo kabla ya kununua ni uchunguzi wa kina wa msingi, kuta, paa, mbao na mahali nyumba ilipojengwa, unaofanywa kwa manufaa ya mnunuzi ili kasoro zijulikane kabla mkataba haujafungwa. Mara nyingi kazi hii huhesabiwa kuwa ya miji mikubwa na ya taaluma zilizozaliwa Ulaya, kama ile iliyopata chama chake mjini London mwaka 1868, wapima ardhi na wakaguzi wa majengo walipojiunga pamoja. Historia ya Makangale, shehia ya Wilaya ya Micheweni iliyoko kwenye rasi ya Kigomasha, pembeni mwa msitu wa Ngezi, inaonyesha picha tofauti. Nyumba za huko zilijengwa kwa vitu vinavyochakaa mbele ya macho ya watu, na kwa sababu hiyo kuzikagua kulikuwa sehemu ya maisha kabla ya kuwa sharti la biashara. Kilichobadilika katika karne zilizofuata ni kitu kinachokaguliwa, kwani uangalizi ulihama taratibu kutoka kwenye jengo lenyewe ukaelekea kwenye ardhi na karatasi zake, wakati uleule ambapo vifaa vipya vya ujenzi vilikuwa vikizificha kasoro zisionekane.

Ushahidi wa akiolojia, yaani elimu ya mabaki ya kale yanayofukuliwa ardhini, unaeleza kwa nini nyumba ya udongo ndiyo msingi wa historia hii. Huko Tumbe, upande wa mashariki wa Makangale katika wilaya hiyohiyo, Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba makazi makubwa ya kati ya karne ya 7 na ya 10 ambayo nyumba zake zilikuwa za miti na udongo. Chwaka, mji uliofuata jirani na hapo kuanzia karne ya 11, ulikuwa na misikiti na makaburi ya mawe, lakini wakazi wake wengi waliendelea kuishi katika nyumba za udongo. Msikiti wa Msuka, ambao kibla chake kimechorwa tarehe ya mwaka 816 wa Hijria, sawa na takriban mwaka 1414 wa Miladia, nao ni wa mawe. Jiwe, kwa hiyo, lilitengewa kwanza ibada, wafu na watu wachache wenye uwezo, ilhali umma ulikaa ndani ya kuta zilizohitaji kutazamwa kila msimu.

Nyumba hiyo ya udongo ilianza kwa nguzo zilizochimbiwa ardhini, zikaunganishwa kwa fito zilizofungwa kwa kamba, kisha nafasi zilizobaki zikajazwa udongo uliokandwa kwa maji, kazi inayoitwa kukandika. Juu yake palilazwa miamba, ambayo ni miti inayopita juu ya nguzo, na mitambaapanya, yaani miti inayokatiza chumba kutoka ukuta hadi ukuta, ndipo yakafuata makombamoyo yaliyobeba fito za paa na makuti. Udhaifu wa jengo la namna hii unajulikana mahali unapoanzia. Nguzo huoza pale zinapokutana na uso wa ardhi, kwa kuwa hapo unyevu na hewa hukutana. Mchwa hupanda ndani ya udongo bila kuonekana, wakaacha mti ukiwa ganda tupu. Na makuti yakishazeeka huvuja kwanza kwenye kilele, maji yakateremka ukutani na kuung'oa udongo. Fundi aliyeitwa kuitazama nyumba aligonga nguzo akasikiliza mlio wake, akachokoa chini ya nguzo kwa ncha ya kisu, akatazama michirizi ya maji ukutani na kupinda kwa mwamba, na kwa kuwa karibu kila kiungo kilikuwa wazi kwa jicho na mkono, alikuwa na uwezo wa kutoa hukumu bila chombo kingine.

Nyumba ya mawe ilidai ujuzi wa namna nyingine. Mawe yake ni matumbawe, ama yale laini yaliyochotwa baharini na kuchongwa yakiwa bado mabichi, ama yale magumu ya kale yanayochimbwa nchi kavu, nayo yaliunganishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo kubwa la kuni na kisha kuyaacha yazimike kwa maji na muda. Kuta zake zilikuwa nene, na dari ilibebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba, kiasi cha kuvifanya virefu na vyembamba. Mahali pa hatari zaidi katika nyumba kama hii ni ncha ya boriti iliyofichwa ndani ya ukuta, kwa sababu paa la chokaa likipasuka, maji hushuka na kukaa hapohapo, mti ukaoza ndani huku sehemu inayoonekana chumbani ikibaki nzima. Mvua za masika, zinazonyesha Pemba kwa wingi kuliko sehemu kubwa ya mwambao, na chumvi inayopanda na unyevu kutoka ardhini, huongeza uharibifu huo. Hivyo mkaguzi wa nyumba ya mawe hulazimika kufikiri kwa alama: doa la unyevu chini ya dari, ufa unaofuata mstari wa boriti, chokaa inayomomonyoka kama unga.

Sheria iliyotawala mauziano ilikwenda sambamba na desturi hii ya kutazama. Waislamu wengi wa Pemba wanafuata madhehebu ya Shafii, ambayo kitabu chake cha Minhaj, kilichoandikwa na Imamu Nawawi aliyefariki mwaka 1277, kilikuwa miongoni mwa marejeo ya makadhi wa Zanzibar. Kwa mujibu wa kauli inayotegemewa katika madhehebu hayo, kitu kisichoonwa na wanaouziana hakiuziki kwa njia iliyo sahihi, kwa hiyo mnunuzi wa nyumba hutakiwa aione nyumba kwa namna inayolingana na hali yake, vyumba, dari na kuta, wala kuitazama kwa mbali hakutoshi. Zaidi ya hapo ipo khiyari ya aibu, yaani haki ya mnunuzi kuirudisha mali na kudai bei aliyoilipa ikiwa kasoro iliyokuwapo kabla ya makabidhiano, nayo inapunguza thamani, imegundulika baadaye bila yeye kuijua. Muuzaji naye analazimika kidini kuibainisha kasoro anayoijua, na kuificha ni udanganyifu. Msimamo huu unatofautiana na ule wa kale wa sheria ya Kiingereza uliomwachia mnunuzi jukumu la kujihadhari mwenyewe, na huenda tofauti hiyo ilichangia taaluma ya wakaguzi wa kulipwa kustawi Uingereza mapema, ilhali mwambao wa Afrika Mashariki uliweza kutegemea macho ya mnunuzi, fundi na mashahidi, wakisimama nyuma yao kadhi na hofu ya Mungu.

Jambo la pili lililoainisha mauziano ya Pemba ni kwamba nyumba na ardhi havikuwa lazima mali ya mtu mmoja. Kama ilivyoelezwa na John Middleton katika utafiti wake wa umilikaji ardhi Zanzibar uliochapishwa mwaka 1961, makazi ya wenyeji yalijengwa juu ya ardhi ya ukoo, na haki za jamaa zilizuia mgeni kuuziwa bila ridhaa yao, huku mti wa mkarafuu au mnazi, na vilevile nyumba, vikiweza kuwa na mwenyewe mbali na mwenye ardhi. Baada ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa, watu wengi waliachwa huru wakajenga katika mashamba ya wengine kwa makubaliano, wakamiliki kuta bila kumiliki udongo uliozibeba. Uzito wa jambo hili ulidhihirika Ng'ambo, mjini Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1920, wenye nyumba za udongo walipogoma kulipa kodi ya ardhi waliyotozwa na wenye viwanja. Mnunuzi mwenye busara, basi, alikuwa na maswali mawili ya kuuliza, moja likihusu uzima wa nyumba na la pili likihusu mwenye ardhi, na majibu yake yalipatikana kwa fundi na kwa wazee.

Utawala wa Kiingereza uliingiza sheria za mikataba na za uhamishaji wa mali zilizofuata mfano wa India, ambako sheria ya mwaka 1882 ilimtaka muuzaji amfahamishe mnunuzi kasoro kubwa ya mali ambayo mnunuzi hawezi kuigundua kwa uangalifu wa kawaida. Kwa kipengele hicho sheria mpya ilikaribiana na ile ya makadhi. Hata hivyo, athari yake kubwa ilikuwa kuyaweka maandishi mbele ya ushahidi wa mdomo, na mwelekeo huo ukaendelea baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, ardhi yote ilipotangazwa kuwa mali ya Serikali na mashamba yakagawiwa kwa eka tatu tatu. Sheria za mwaka 1989 za utambuzi, upimaji na usajili wa ardhi, Sheria ya Umilikaji Ardhi ya mwaka 1992 inayomkabidhi Rais ardhi kwa niaba ya wananchi na kuwapa watu haki ya matumizi, pamoja na Sheria ya Uhamishaji Ardhi ya mwaka 1994 iliyounda bodi ya kuupitia uhamishaji huo, zilikamilisha mabadiliko hayo. Upimaji unaozungumzwa katika sheria hizi ni wa mipaka, na mpima anayekuja na vyombo vyake huweka alama kwenye pembe za kiwanja bila kuwa na wajibu wa kugusa nguzo hata moja ya nyumba iliyomo.

Wakati karatasi zikishika nafasi ya fundi, vifaa vya ujenzi navyo vilibadilika. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, karibu na Dar es Salaam, kilifunguliwa mwaka 1966, na katika miongo iliyofuata saruji, matofali yake na mabati viliingia hadi vijijini. Nyumba nyingi kongwe hazikubomolewa. Zilipigwa lipu ya saruji juu ya udongo au juu ya chokaa na kuezekwa mabati, zikaonekana mpya. Kwa elimu ya majengo hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu chokaa huruhusu ukuta kupumua, yaani unyevu ulioingia hupata njia ya kutoka, ilhali lipu nzito ya saruji huufungia ndani, ukapanda juu zaidi ukitafuta pa kutokea na kuozesha miti iliyofichwa. Zege lenye nondo, yaani vyuma vinavyoliimarisha, nalo lina ugonjwa wake karibu na bahari, kwani chumvi inayotokana na mchanga wa pwani au upepo hukifikia chuma, chuma kikashika kutu, kutu ikavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Fundi wa zamani aliyegonga nguzo akasikia jibu hukutana sasa na ukuta laini uliopakwa rangi ambao haujibu kitu.

Gharama ya kutokukagua, na vilevile ya kukagua bila kutengeneza, imeonekana waziwazi Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mamlaka ya kuuhifadhi mji huo iliundwa mwaka 1985, na mwaka 1992 majengo yake, zaidi ya 1,700, yalikaguliwa moja baada ya jingine katika kazi iliyozaa mpango wa uhifadhi, na sehemu kubwa yalikutwa katika hali ya kuchakaa. Mji uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Pamoja na hayo, Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na kuunganisha kuta za matumbawe na nguzo za chuma, liliporomoka sehemu mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020 upande wake mwingine ukaanguka wakati kazi za ukarabati zikiendelea, watu wawili wakapoteza maisha. Iwapo jumba la Serikali lililokuwa machoni pa wataalamu liliweza kufikia hapo, nyumba ya kijijini isiyo na hata ukurasa mmoja wa kumbukumbu iko katika hatari isiyopimika.

Makangale ya leo, iliyo karibu na fukwe za Verani na Vumawimbi zinazovutia hoteli na wageni, imeingia katika soko ambalo mnunuzi aghalabu hakukulia ndani ya nyumba anayoinunua wala jirani yake, na hivyo amekosa maarifa ambayo jamaa na wazee walikuwa nayo bila kuandika. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na hati ya ardhi, kwa kuwa hati huthibitisha haki na mipaka na kunyamaza kuhusu mchwa, msingi na kutu. Ukaguzi unaofaa mahali hapa ni ule unaofanywa wakati wa masika au mara tu baada yake, unaoanza kwa kubandua kipande cha lipu chini ya ukuta na kwenye ncha za boriti, unaomshirikisha fundi anayeijua nyumba ya udongo na ya chokaa pamoja na mhandisi anayelijua zege, na unaoandikwa kwa lugha ambayo muuzaji na mnunuzi wote wanaielewa, ukaambatanishwa na mkataba. Sheria ya makadhi ilitaka nyumba ionwe na kasoro yake itajwe. Wajibu wa sheria za sasa na wa taasisi za ardhi za Zanzibar ni kulirejesha sharti hilo kwa maandishi, ili kila anayenunua nyumba kongwe akabidhiwe taarifa ya jengo pamoja na hati ya kiwanja.