Heinrich Cotta

Heinrich Cotta (30 Oktoba 1763 – 25 Oktoba 1844) alikuwa mtaalamu wa misitu kutoka Ujerumani. Mtoto huyu wa bwana misitu alianza kufundisha vijana taaluma ya misitu katika shule yake huko Zillbach, kisha mwaka 1811 akahamia nayo Tharandt, Saksonia. Shule hiyo binafsi ikawa chuo cha kifalme mwaka 1816.

Aligawa msitu katika vitalu, akapima miti na kupanga uvunaji wa miaka mingi mbele. La kupendeza zaidi ni ukweli wake: katika dibaji ya kitabu chake cha upandaji misitu alikiri kwamba taaluma ya misitu ilizaliwa na uhaba wa miti. Alizikwa msituni, kati ya mialoni 80 iliyopandwa alipotimiza miaka 80. Taaluma ya misitu ingali inafundishwa Tharandt, chini ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dresden.