Nani aishi na nani: historia fupi ya ugomvi ndani ya tangi la samaki

Leo naweka programu kando. Wiki mbili zilizopita nilifiwa na samaki, na tangu siku hiyo nakesha nikisoma.

Walikuwa wawili wa aina moja, Dascyllus trimaculatus, weusi tititi wenye madoa meupe matatu. Niliwaweka katika tangi la lita 100 la maji ya chumvi. Nilipima chumvi, joto na amonia, vyote sawa. Siku ya nne nikamkuta mmoja anaelea, mapezi yametafunwa, na mwenzake anazunguka jiwe kama askari wa zamu. Sisi watu wa tarakilishi tunaijua hasira hiyo: majaribio yote yamepita, mfumo umeanguka.

Kosa langu lina umri wa zaidi ya miaka 150. Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, alieleza jinsi alivyoweka samaki wawili wadogo wa dhahabu na mmea wa majini ndani ya chombo cha galoni 12. Mmea utoe oksijeni, samaki waitumie. Majani yalipoanza kuoza na maji kuchafuka, aliongeza konokono wa kula uozo huo, na mambo yakatulia. (Napenda sana hapo. Hakuanza upya, alitafuta hitilafu akairekebisha.) Baadaye alihamia maji ya bahari. Mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu The Aquarium, na mwaka huo huo akatangaza namna ya kutengeneza maji ya bahari kwa kuchanganya aina nne za chumvi, hata anayeishi mbali na pwani aweze kufuga.

Hesabu yao ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa hesabu ya hewa na maji. Kwamba mkubwa humla mdogo kila mtu alijua. Lakini kwa nini wawili wanaolingana, walioshiba, ndani ya maji safi, wauane? Mizani ya mkemia haina jibu la swali hilo.

Aliyelishika kwa nguvu ni Konrad Lorenz wa Austria, katika kitabu chake cha 1963 kuhusu ukali wa wanyama. Alipiga mbizi kwenye matumbawe ya Florida, kisha akafuga samaki wa matumbawe na kuhesabu nani anamng'ata nani. Aliona kuwa wenye rangi kali kama bango la tangazo huwashambulia hasa wa aina yao wenyewe, na wageni huwaacha wapite. Maelezo yake: wa aina moja hutaka chakula kile kile, hivyo kila mmoja hulinda eneo lake. Baharini anayeshindwa hukimbia, na akivuka mpaka anaachwa. Ndani ya kioo hakuna ng'ambo ya kukimbilia.

Nilicheka peke yangu nilipofika hapo. Nyanya yangu alikuwa akimwita mtu mgomvi "kitatange", jina la samaki wa rangi rangi wa huku kwetu Pwani, na hakumsoma Lorenz. Lakini tahadhari, ndugu msomaji: Lorenz huyo alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1938, na kitabu chake kinaruka kutoka samaki hadi vita vya binadamu kwa hatua ambazo wanasayansi wengi walizikataa. Mimi nilichukua samaki, nikaacha mengine.

Hata kwa samaki alipunguza mno. Mwaka 1971 R. M. Low alichapisha utafiti kutoka Great Barrier Reef, Australia, kuhusu samaki mdogo wa jamii hiyo hiyo ya waliokuwa wangu, anayekula mwani na kulinda shamba lake. Alifukuza spishi nyingi, hasa walaji wa mwani, si ndugu zake tu. Kwa hiyo rangi haitoshi. Uliza anakula nini, na anakula wapi.

Kisha mwaka 1977 Hans na Simone Fricke wakaonyesha jambo lililonitoa jasho. Wale samaki wanaoishi ndani ya anemoni huanza wote wakiwa madume. Anayetawala hugeuka jike, wa pili hubaki dume lake, na jike akifa yule dume hugeuka jike. Ndiyo maana wawili wachanga, mmoja mkubwa kidogo kuliko mwenzake, wanaweza kuishi pamoja miaka mingi, ilhali majike wawili hupigana vibaya. Yaani swali si "spishi hii na hii zinapatana?" tu. Ni umri gani, ukubwa gani, na nani alitangulia.

Nami nilimtanguliza yule mweusi kwa siku tatu, nikampa jiwe moja tu lenye tundu, kisha nikamletea pacha wake.

Jumamosi nitamtoa na kumweka kwenye ndoo yenye pampu ya hewa. Nitabomoa mawe yote, niyapange upya yawe na matundu mengi. Wataingia kwanza wawili wa anemoni, mkubwa na mdogo. Yeye atarudi wa mwisho, wiki kadhaa baadaye, akiwa mgeni. Rafiki yangu yuko tayari kumhifadhi hadi hapo katika tangi lake lililo tupu, na ameniambia wazi kwamba akimpenda hanirudishii.