Faili la wakulima limegoma kuingia kwenye mfumo? Angalia mambo haya 5

Tuseme karani wa AMCOS wilayani Morogoro ana faili la wakulima 800 wa Matombo, Kinole na Mkuyuni, kwenye miteremko ya Uluguru. Anapakia wote kwa mkupuo. Mfumo unaleta ujumbe mwekundu, na hakuna hata jina moja lililoingia.

Si jambo dogo. Tangu msimu wa 2022/2023, mbolea ya ruzuku inamfikia mkulima aliyesajiliwa kwenye mfumo wa kidijitali. Asiyekuwemo anarudi mikono mitupu.

Bahati nzuri, makosa mengi ni yale yale.

1. Soma ujumbe mpaka mwisho
Mara nyingi unataja namba ya mstari. Kwa kawaida, amri ya COPY ya PostgreSQL husimama kwenye kosa la kwanza na haibakizi kitu. Yaani mstari mmoja mbovu unawazuia wote 800.

2. Namba ya NIDA
Ina tarakimu 20. Ikiandikwa Excel kama namba ya kawaida, 15 tu ndizo zinatunzwa; 5 za mwisho zinageuka sifuri. Majirani waliozaliwa siku moja wanaweza kuonekana mtu mmoja, na kanzidata ikakataa marudio. Geuza safu hiyo iwe ya maandishi kabla ya kuingiza namba. Zikishapotea, hakuna ujanja: rudi kwenye fomu.

3. Namba ya simu
Excel pia hula sifuri ya mbele. Dawa ni ile ile, maandishi.

4. Tarehe
Kwa Mtanzania 03/04/1985 ni Aprili, kwa mpangilio wa Kimarekani ni Machi. Tarehe 25/04 itakataliwa, lakini hiyo ya kwanza itapita kimya kimya ikiwa na kosa. Andika 1985-04-03.

5. Koma na ritifaa
Koma ndani ya jina la kijiji huzaa safu ya ziada. Zungushia jina lote alama za kunukuu. Ritifaa ya jina kama Mang'ula, kule Kilombero, inaweza kuvunja amri ya SQL iliyoandikwa kwa mkono.

Usishangilie mapema
Kuna njia ya mkato: kuruka mistari mibovu. PostgreSQL 17, iliyotoka 2024, inaweza kuagizwa kuruka thamani zisizosomeka. MySQL nayo, kwa LOAD DATA LOCAL, hugeuza makosa mengi kuwa maonyo tu. Kazi inaonekana imeisha, kumbe kuna watu wameachwa.

Kwa hiyo pakia kwanza kwenye jedwali la muda, kisha hesabu. Kama faili lilikuwa na 800 na zimeingia 793, hao 7 ni wakulima. Tafuta majina yao leo, kabla hawajashuka mlimani kufuata mbolea.