Lang'ata na Kibra: Kiti Kilichobeba Ndoto ya Ikulu

Tarehe 27 Desemba 2007, Raila Odinga alifika katika Shule ya Msingi ya Old Kibera kupiga kura. Jina lake likatafutwa katika sajili, lisionekane. Aliondoka bila kupiga kura, malalamiko yakafikishwa kwa Tume ya Uchaguzi, na baadaye siku hiyohiyo akarudi na kupiga kura yake.

Siku hiyo Raila alikuwa akiwania viti viwili. Katiba ya wakati huo ilimtaka rais awe pia mbunge wa kuchaguliwa. Mgombea angeweza kuzoa kura nchi nzima, lakini akiangushwa katika eneo bunge lake, Ikulu asingeingia. Rais Mwai Kibaki alibanwa na sharti hilohilo kule Othaya, ila Othaya ilikuwa ngome isiyotikisika. Lang'ata ya Raila, iliyojumuisha Kibera, ilikuwa mjini Nairobi, yenye watu wa kila kabila na kila kipato, na chama cha Kibaki, PNU, kilimsimamisha Stanley Livondo kumkabili Raila hapo. Raila alishinda ubunge. Urais ulitangazwa tarehe 30 kuwa wa Kibaki, na Kibera ikawaka moto: Soko la Toi likateketea, na wiki chache baadaye vijana wakang'oa reli ya Uganda inayopita katikati ya mtaa.

Ni vigumu kulielewa eneo bunge hili bila kuijua ardhi yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, serikali ya kikoloni iliwaweka Kibera askari Wanubi wa King's African Rifles, wengi wao wenye asili ya Sudan, pamoja na familia zao. Mwaka 1918 eneo hilo lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, takriban ekari 4,197. Wanubi walipewa ruhusa ya kukaa, hati hawakupewa. Baada ya uhuru ardhi ikahesabiwa kuwa ya serikali, mji ukaimega kidogo kidogo kujenga mitaa mipya, na sehemu iliyobaki ikajaa vyumba vya udongo na mabati vya kupangisha. Waliohamia walikuwa Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii na wengineo waliokuja Nairobi kutafuta kazi. Mipaka ya uchaguzi ilipochorwa, wapangaji hao wakatiwa kapu moja na wakazi wa Karen, wenye nyumba zilizozungukwa na ekari za miti na nyasi.

Kura zilikuwa nyingi Kibera, na kila mwanasiasa alilijua hilo. Mwangi Mathai aligombea ubunge mwaka 1969 akashindwa kwa kura chache. Mwaka 1974 alirudi Lang'ata akiwaahidi wapiga kura ajira, akashinda. Mkewe, Wangari Maathai, ndiye aliyeichukulia ahadi ile kwa uzito. Alianzisha kampuni ndogo iitwayo Envirocare, iliyokusudiwa kuwapa kazi watu wa eneo bunge hilo kwa kuotesha na kutunza miti, ikiwa na kitalu chake katika msitu wa Karura. Kampuni haikudumu, lakini wazo halikufa. Tarehe 5 Juni 1977 alipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, na kutoka hapo likakua vuguvugu la Green Belt, lililompeleka kwenye Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Ahadi za kampeni zilizozaa matunda ya namna hiyo nchini Kenya ni za kuhesabu, na hii inastahili kukumbukwa zaidi ya inavyokumbukwa.

Mwaka 1979 wapiga kura walimchagua Philip Leakey, Mzungu, mwana wa Louis na Mary Leakey, watafiti waliofukua mabaki ya binadamu wa kale kule Olduvai. Wakati huo chama kilikuwa kimoja tu, KANU, na mashindano yote yalikuwa ya ndani kwa ndani. Hali ilizidi kuwa mbaya mwaka 1988 ulipoletwa mlolongo katika mchujo wa chama. Wapiga kura walipanga foleni nyuma ya wakala au picha ya mgombea wao, wakahesabiwa mchana kweupe, na aliyepata asilimia 70 alipita bila kupingwa. Katika mtaa wa wapangaji, ambako riziki na paa vilitegemea hisani ya chifu na mwenye nyumba, kupiga kura hadharani kulikuwa kujianika. Kule Starehe, eneo bunge jingine la Nairobi, Charles Rubia, aliyepata kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi, alipoteza kiti chake kwa mtindo huohuo.

Vyama vingi viliporudi, Raila alikuwa ametoka kwenye vifungo vya kizuizini mara tatu na uhamishoni Norway. Baba yake, Jaramogi Oginga Odinga, alisimama Bondo. Mwana akachagua Lang'ata. Lilikuwa chaguo la busara. Mbunge wa kijijini angehesabiwa kuwa kiongozi wa kabila tu, lakini mbunge wa Nairobi alikuwa na nchi nzima mlangoni pake. Alishinda tarehe 29 Desemba 1992 kwa tiketi ya Ford-Kenya. Alipoupoteza mvutano wa uongozi wa chama kwa Michael Wamalwa, akahamia NDP, na kwa kuwa sheria ilimnyima kiti mbunge aliyehama chama, alirudi kwa wananchi katika uchaguzi mdogo wa 1997. Wakamrudisha bungeni. Mwishoni mwa mwaka huohuo wakamchagua tena, kisha 2002 chini ya NARC, na 2007 chini ya ODM.

Uaminifu huo ulikuwa na gharama. Mwaka 2001, Rais Moi na Raila, ambao wakati huo walikuwa wakishirikiana, walipotaka kodi za nyumba Kibera zipunguzwe, wapangaji na wenye nyumba walikabiliana kwa mapanga na moto, na watu wakauawa. Miongoni mwa wenye nyumba walikuwamo Wanubi. Suala la ardhi lililoachwa bila jibu tangu 1918 likalipuka mikononi mwa watu wasio na hati, pande zote mbili.

Katiba ya 2010 iliondoa sharti la rais kuwa mbunge na kuongeza maeneo bunge kutoka 210 hadi 290. Lang'ata ikakatwa vipande viwili. Karen, South C, Nairobi West, Mugumo-ini na Nyayo Highrise zikabaki na jina la zamani. Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley zikawa Kibra. Matokeo yalionekana upesi. Lang'ata ilimchagua Joash Olum wa ODM mwaka 2013, lakini 2017 ikamkabidhi kiti Nixon Korir wa Jubilee. Kibra ilimchagua Ken Okoth, aliyezaliwa na kukulia humo, na aliyeusukuma mfuko wa maendeleo ya eneo bunge kwenye shule. Saratani ilimuua Julai 2019, akiwa katika muhula wake wa pili.

Uchaguzi mdogo wa Novemba 2019 uligeuka kipimo cha ubabe kati ya Raila na William Ruto, Naibu Rais wa wakati huo. Wafuasi wa ODM waliita Kibra "bedroom ya Baba", yaani ya Raila, chumba ambacho mgeni haingii. Imran Okoth, nduguye marehemu, alipata kura 24,636 dhidi ya 11,230 za McDonald Mariga wa Jubilee, aliyewahi kuichezea Inter Milan. Mariga alimpigia simu mshindi kumpongeza, jambo adimu katika siasa za mtaa huo.

Juni 2017, Rais Uhuru Kenyatta aliikabidhi jamii ya Wanubi hatimiliki ya ekari 288, miezi miwili kabla ya uchaguzi. Wapangaji wengi wa Kibra, ambao kura zao zimewajenga viongozi kwa miongo mitatu, bado wanalipa kodi kwa vyumba vilivyosimama juu ya ardhi isiyo yao wala ya wenye nyumba wao. Raila alifariki Oktoba 2025. Katika kila uchaguzi mkuu kuanzia 1992 hadi 2022, jina lake lilikuwa kwenye karatasi za kura za Kibera, kwa ubunge, kwa urais au kwa vyote viwili. Agosti 2027 halitakuwapo, na yeyote atakayekuja kuomba kura za Kibra aulizwe kwanza kuhusu ardhi.