Miaka 10 tangu dharura ya Zika: Mjamzito bado anasubiri dawa

Februari 1, 2016, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza dharura ya afya ya kimataifa kuhusiana na Zika. Hofu haikutokana na homa yenyewe. Mtu mzima akipata Zika huona vipele, macho mekundu na maumivu ya viungo kwa siku chache, na wengi hawasikii lolote. Hofu ilitokana na watoto wa kaskazini mashariki mwa Brazil waliokuwa wakizaliwa na vichwa vidogo kupita kiasi. Muongo mmoja baadaye, mjamzito aliyeambukizwa virusi hivyo hana dawa ya kumkinga mtoto wake, na chanjo haijaidhinishwa.

Chanzo cha habari hii kipo kwa jirani zetu, Uganda. Karibu na Kisubi, kwenye barabara ya Entebbe kwenda Kampala, upo msitu mdogo uitwao Zika. Mwaka 1947 watafiti wa homa ya manjano waliweka tumbili katika vizimba juu ya miti ya msitu huo, mbu wawang'ate, kisha wakawa wanawapima joto. Aprili 18, tumbili namba 766 alipandwa na homa. Damu yake ilipodungwa kwenye ubongo wa panya, panya wakaugua. Mwaka uliofuata virusi vilevile vikapatikana kwa mbu wa msitu huohuo.

George Dick, Stuart Kitchen na Alexander Haddow walichapisha matokeo yao mwaka 1952. Maandishi yao yalieleza kwamba virusi hivyo hupenda ubongo na kuharibu seli za neva za panya. Hiyo ndiyo taarifa ninayoona ingestahili kufuatiliwa mapema. Lakini wagonjwa walioonekana Afrika walikuwa wachache na walipona, na Zika ikahesabiwa kuwa homa ndogo isiyo na madhara.

Kisha ikaibuka kisiwani Yap, katika Bahari ya Pasifiki, mwaka 2007, ikapita Polinesia ya Ufaransa mwaka 2013, na kufikia mwaka 2015 ilikuwa imeenea Brazil. Mjini Recife, daktari wa watoto Vanessa van der Linden alishangaa kuona watoto wengi wenye vichwa vidogo kwa wakati mmoja. Huko Campina Grande, daktari Adriana Melo alipeleka maabara maji ya uzazi ya wajawazito wawili, na virusi vikakutwa humo.

Virusi hupenya kondo la nyuma, vikaingia kwenye seli changa ambazo zingezaa ubongo. Seli hizo zikifa, ubongo haukui na fuvu linabaki dogo. Macho, masikio na viungo navyo huweza kuathirika, na mtoto mwenye kichwa cha kawaida anaweza kuonyesha matatizo baadaye. WHO inakadiria kuwa watoto 5 hadi 15 kati ya kila 100 wanaozaliwa na mama walioambukizwa wakiwa wajawazito hupata madhara. Hatari ni kubwa zaidi miezi mitatu ya mwanzo.

Tanzania nayo ina sehemu yake katika historia hii, nayo iliacha kidonda. Desemba 15, 2016, Dk Mwele Malecela, mkurugenzi mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), aliwaeleza waandishi wa habari jijini Dar es Salaam kuwa kati ya watu 533 waliopimwa, 83 walikutwa na dalili za maambukizi ya Zika. Kati ya watoto wachanga 80 waliozaliwa na kasoro za maumbile, asilimia 43.8 nao walikutwa nazo. Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akajitokeza kusema hakuna mlipuko wa Zika nchini. Haikupita muda, Rais John Magufuli akamwondoa Dk Malecela na kumteua Profesa Yunus Mgaya.

Hoja ya kitaalamu ya kutilia shaka matokeo hayo ilikuwepo. Kingamwili za Zika hufanana na za dengi, hivyo kipimo cha damu kinaweza kuchanganya, na kukuta maambukizi siyo sawa na kutangaza mlipuko. Lakini hoja kama hiyo hujibiwa kwa vipimo zaidi. Mtafiti alipoondolewa, mjadala wa umma ulihamia kwenye cheo chake, na wale watoto 80 wakasahaulika. Dk Malecela alikwenda WHO, akaongoza idara ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele, na alifariki Februari 2022.

Kuhusu tiba, maabara hazikulala. Kingamwili iitwayo ZIKV-117 iliwakinga vijusi wa panya, na sofosbuvir, dawa ya homa ya ini aina ya C, nayo ilionyesha matumaini kwa panya. Majaribio ya chanjo kwa binadamu yalianza 2016, lakini mlipuko ulipopungua wagonjwa wa kuipimia wakakosekana. Kwa sasa mgonjwa hupewa mapumziko, maji ya kutosha na parasetamo.

Mjamzito anabaki na chandarua, dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, nguo ndefu na kondomu, kwani Zika huambukizwa pia kwa kujamiiana. Lakini mbu wa Aedes, wanaoeneza Zika, huuma mchana, wakati chandarua kimefungwa. Kliniki zetu zinaweza kuanza na utepe wa kupimia mzunguko wa kichwa cha kila mtoto anayezaliwa, na vipimo hivyo vikatunzwa na kutolewa hadharani.